Namna ya Kufuatilia Mashindano ya Wimbo ya Eurovision Ukiwa Dar es Salaam

Mashindano ya wimbo ya Eurovision huandaliwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, wenye makao yake makuu mjini Geneva, na kwa mtazamaji wa Dar es Salaam yanaweza kuonekana kuwa ni sherehe ya watu wengine: hakuna kituo cha televisheni cha Tanzania kinachopeleka mwimbaji, wala hakuna bendera yetu inayopeperushwa ukumbini. Hata hivyo, tangu mwaka 2023 kura za watazamaji walio nje ya nchi shiriki zinahesabiwa, matangazo ya moja kwa moja hurushwa kwenye chaneli rasmi ya mashindano katika YouTube, na tofauti ya saa kati yetu na Ulaya ya Kati mwezi Mei ni saa moja tu. Kinachowakwamisha wengi ni kukosa utaratibu. Mtu anayefungua simu usiku wa fainali bila maandalizi hukutana na nyimbo zaidi ya ishirini zinazofuatana, nyingi kwa lugha asizozijua, na zinapofika nane huwa amekwisha kuusahau wa pili. Hapo huishia kumpenda yule aliyewasha moto mwingi zaidi jukwaani. Utaratibu ninaoupendekeza unaanza miezi kadhaa kabla, nao unasimama juu ya jambo moja: toa alama zako mwenyewe kabla hujasikia za mtu mwingine yeyote.

Hatua ya kwanza: yafahamu mashindano yenyewe

Mashindano ya kwanza yalifanyika Lugano, Uswisi, tarehe 24 Mei 1956, yakiwa na nchi saba zilizoleta nyimbo mbili kila moja. Siku hizi kila nchi huleta wimbo mmoja usiozidi dakika tatu, watu wanaoruhusiwa jukwaani hawazidi sita, na mwimbaji mkuu analazimika kuimba laivu juu ya muziki uliorekodiwa. Okestra haijatumika tangu mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2021 sauti za waitikiaji nazo zimeruhusiwa kurekodiwa, lakini sauti ya mbele lazima itoke kooni saa ileile. Aliyezoea matamasha ambayo msanii huiacha CD iimbe nusu ya wimbo huku yeye akiwapungia mashabiki mkono atapaswa kulizoeza sikio lake upya, kwa kuwa pumzi inayokatika katikati ya ubeti ni jambo la kawaida pale, na ni sehemu ya mtihani.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba wanaoshindana rasmi ni mashirika ya utangazaji, na mwimbaji hahitaji kuwa raia wa nchi anayoiwakilisha. Céline Dion, Mkanada, aliishindia Uswisi mwaka 1988, na kundi la KAJ lililoiwakilisha Uswidi mwaka 2025 linatoka Ufini. Kwa mlango huohuo Kiswahili kimewahi kufika jukwaani: mwaka 2011, jijini Düsseldorf, Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya, aliiwakilisha Norwei kwa wimbo uitwao "Haba Haba", wenye maneno ya Kiswahili ndani yake, ingawa aliishia nusu fainali. Tusse, aliyeiimbia Uswidi mwaka 2021, alizaliwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi pekee ya Afrika iliyowahi kushiriki kwa jina lake ni Moroko, mwaka 1980, ikiwakilishwa na Samira Bensaid. Ilipata pointi saba, ikawa ya pili kutoka mwisho, na haijarudi tena.

Uwanja huu hauna utulivu wa kisiasa ambao waandaaji wangependa tuuone. Urusi ilizuiwa kushiriki mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na kwa mashindano ya mwaka 2026 mjini Vienna nchi za Hispania, Ayalandi, Uholanzi, Slovenia na Aisilandi zilijitoa kwa sababu ya kuruhusiwa kwa Israeli. Usipoyajua haya, baadhi ya kelele utakazozisikia ukumbini hutazielewa, na baadhi ya kura hutaweza kuzifafanua.

Hatua ya pili: panga kalenda ya msimu

Wimbo unaoruhusiwa kushindana ni ule ambao haukutolewa hadharani kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo msimu huanza Septemba na kufikia kilele chake Mei. Albania hufungua pazia mwezi Desemba kwa tamasha lake la Festivali i Këngës. Januari hadi Machi mambo hushika kasi: Italia ina tamasha la Sanremo, lililoanza mwaka 1951 na kuwa mfano ambao Eurovision yenyewe iliuiga, Uswidi ina Melodifestivalen, Hispania ilitumia Benidorm Fest kuanzia mwaka 2022 hadi 2025, Estonia, Ufini, Norwei, Ureno na Kroatia nazo zina michujo yake. Nchi nyingine humteua mwimbaji ndani ya ofisi na kumtangaza siku moja. Kufikia katikati ya Machi nyimbo zote huwa zimekabidhiwa.

Usijaribu kufuatilia michujo yote, kwa kuwa utachoka kabla ya Pasaka. Chagua miwili. Mimi ningemshauri mgeni achague Melodifestivalen na Sanremo, kwa sababu zinapingana katika kila kitu. Ya Uswidi huenda Jumamosi baada ya Jumamosi, huanza saa nne usiku kwa saa zetu, na kila onyesho limepangwa kwa usahihi wa fundi saa. Ya Italia hufululiza usiku tano ndani ya wiki moja, na kwa kuwa majira ya baridi tunawatangulia kwa saa mbili, huweza kumkesheza mtu wa Dar es Salaam hadi karibu na adhana ya alfajiri. Sanremo ina heshima kubwa kwao kiasi kwamba mshindi huulizwa kama anataka kwenda Eurovision, na wapo waliokataa.

Hatua ya tatu: sikiliza bila picha

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Nyimbo zote zikishatoka, mwezi Machi au Aprili, zipakue kwa njia halali kwenye simu kupitia huduma ya muziki unayoitumia, kisha uzisikilize kwa masikio tu. Safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo wakati wa foleni inatosha kwa nyimbo nyingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa kila mmoja una dakika tatu. Gawanya orodha katika mafungu ya nyimbo sita au saba, na usivuke fungu moja kwa siku.

Tayarisha daftari lenye safu nne. Ya kwanza ni jina la nchi na mwimbaji. Ya pili ni alama ya usikivu wa kwanza, utakayoiandika mara wimbo unapomalizika, bila kuurudia. Ya tatu ni alama ya usikivu wa pili, utakaoufanya baada ya siku kadhaa. Ya nne iache wazi hadi utakapouona wimbo jukwaani. Kinachofundisha ni tofauti kati ya safu hizi. Wimbo ulioupa alama ndogo mara ya kwanza na kubwa mara ya pili ni wimbo mzuri ulio katika hatari, kwa sababu mtazamaji wa kawaida huusikia mara moja tu, usiku ule wa mashindano, na mkono wake uko tayari kwenye simu. Wimbo uliopanda sana mara ya kwanza na kuporomoka mara ya pili unaweza kushinda kabisa, na itakubidi uvumilie.

Kuhusu lugha, usihofu. Tangu mwaka 1999 kila nchi iko huru kuimba kwa lugha yoyote, na wengi wamekimbilia Kiingereza, lakini mwaka 2021 Italia ilishinda kwa Kiitalia kupitia Måneskin na mwaka 2022 Ukraine ikashinda kwa Kiukraini kupitia Kalush Orchestra. Sisi tuliokulia katika nyumba zilizopiga rumba ya Kongo tangu asubuhi, na tukaimba viitikio vya Kilingala bila kujua maana yake, tuna mazoezi ya kutosha katika jambo hili. Tafsiri isome baada ya alama ya kwanza, isiwe kabla.

Hatua ya nne: mchague mshiriki wa kumfuata

Kumfuata kila mtu ni sawa na kutomfuata yeyote. Baada ya usikivu wa pili, chagua watatu: mmoja unayeamini atashinda, mmoja unayempenda hata kama hana nafasi, na mmoja kutoka nchi usiyojua chochote kuhusu muziki wake. Kwa kila mmoja tafuta maonyesho yake ya zamani, hasa yale aliyoimba laivu kabla ya kuwa na umaarufu, kwa sababu video ya studio haikuambii kama ataweza kuifikia noti ya juu mbele ya ukumbi uliojaa. Mtazame pia katika matamasha ya mashabiki yanayofanyika Aprili, ambako jukwaa ni dogo, taa ni chache, na udhaifu wa sauti hauna pa kujificha.

Neno moja kuhusu wale wanaofuata orodha za kampuni za kubeti. Zina manufaa kama kipimo cha maoni ya watu, lakini si utabiri wa uhakika: mwaka 2025 KAJ walikwenda Basel wakiwa wanapewa nafasi kubwa zaidi ya ushindi, wakamaliza wa nne, na ushindi ukamwendea JJ wa Austria. Ziangalie baada ya kuandika alama zako. Kuweka mkeka juu ya wimbo ni shughuli nyingine, na si ya mwongozo huu.

Hatua ya tano: usiziruke nusu fainali

Tangu mwaka 2008 kuna nusu fainali mbili, Jumanne na Alhamisi, na fainali ni Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Kila nusu fainali hupitisha nyimbo kumi. Nchi mwenyeji pamoja na Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uingereza na Hispania, zinaposhiriki, huingia fainali moja kwa moja kwa sababu ya mchango wao mkubwa wa fedha. Maonyesho yote matatu huanza saa nne kamili usiku kwa saa za Dar es Salaam.

Kwa maoni yangu nusu fainali ni tamu kuliko fainali yenyewe. Ni fupi, karibu saa mbili, hazina hotuba nyingi, na nyimbo za ajabu ajabu ambazo hazitavuka ziko humo. Jaza safu ya nne ya daftari lako usiku huo, wimbo kwa wimbo. Ukishindwa kukesha katikati ya wiki ya kazi, tazama marudio kesho yake jioni, lakini zima mitandao ya kijamii mchana kutwa, maana orodha ya waliovuka itakufikia kabla hujaketi.

Hatua ya sita: andaa usiku wa fainali

Fainali huchukua takriban saa nne, kwa hiyo itaanza saa nne usiku na kumalizika karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Nunua umeme wa LUKU mapema badala ya kusubiri mita ianze kulia katikati ya utoaji wa pointi, na uchaji simu na betri ya akiba ili umeme ukikatika uweze kuendelea. Kwa upande wa bando, ubora wa picha wa 720 unaweza kula gigabaiti moja au zaidi kwa saa, hivyo mwenye kifurushi kidogo aushushe hadi 360 na aiunganishe simu na spika nzuri. Sauti ina thamani kuliko picha kali.

Mkiwa wengi, mnaweza kumwomba mwenye kibanda umiza awakodishie skrini yake. Kagua kwanza ratiba ya mpira, kwa kuwa ikiwa kuna mechi ya Simba au Yanga iliyochelewa, hakuna wimbo wa Ulaya utakaopewa nafasi, na mwenye kibanda atakuwa na haki. Kubalianeni pia juu ya sauti, kwani saa saba usiku majirani wamelala, na juu ya usafiri, kwani daladala zimekwisha na waliokaa mbali watahitaji bajaji au mahali pa kulala.

Kila mgeni apewe karatasi yenye orodha ya nyimbo kwa mpangilio wa kuimba na atoe pointi kwa mtindo uleule wa mashindano, unaotumika tangu mwaka 1975: 12 kwa wimbo bora, 10 kwa wa pili, kisha 8 kushuka hadi 1. Nyimbo kumi tu ndizo zinazopata kitu. Karatasi zifunikwe hadi wimbo wa mwisho uimbwe. Jiji lililogawanyika miaka mingi kati ya Msondo na Sikinde halihitaji kufundishwa ushabiki. Linahitaji kuzuiwa kidogo, la sivyo mwenye sauti kubwa sebuleni ndiye atakayewapigia wote kura.

Hatua ya saba: piga kura

Kura za nchi zisizoshiriki hupigwa kupitia tovuti rasmi ya upigaji kura, na hulipiwa kwa kadi ya benki. Kura hizo zote za dunia hukusanywa na kuhesabiwa kama za nchi moja, kwa hiyo usitarajie kuiona Tanzania ikitajwa. Fungua tovuti hiyo siku moja kabla, hakikisha nchi yetu imo katika orodha ya mwaka huo, na soma saa za kufunguliwa na kufungwa. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia huduma za fedha za simu, mradi iwe na salio na iwe inakubali malipo ya nje. Hadi mwaka 2025 mtu mmoja aliruhusiwa kura 20. Kuanzia mwaka 2026 kiwango kimepunguzwa hadi 10, baada ya malalamiko kwamba kampeni za makundi zilikuwa zinayumbisha matokeo. Kura moja au mbili zinatosha. Kila moja ni fedha.

Hatua ya nane: yasome matokeo kwa safu mbili

Kila nchi hutoa pointi mara mbili: za jopo la majaji, ambao ni watu wa fani ya muziki, na za watazamaji. Tangu mwaka 2016 pointi hizo hutangazwa kando kando, za majaji kwanza, kisha za watazamaji, ambazo tangu mwaka 2019 huanzia kwa aliye chini katika orodha ya majaji. Majaji hawahukumu kile unachokitazama Jumamosi. Hutoa alama zao kwa onyesho la mazoezi la Ijumaa usiku. Mwimbaji akitetereka Jumamosi na bado akapata 12 za majaji, sababu huenda ni hiyo.

Tofauti kubwa zaidi imo katika namna ya kuhesabu. Jaji hupanga nyimbo zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo wimbo unaowakera majaji wachache huvutwa chini nao. Mtazamaji hupigia kura anachokipenda tu, na chuki yake haina pa kuandikwa. Wimbo wenye wapenzi wakali na maadui wengi hustawi kwa watazamaji na kunyauka kwa majaji. Wimbo nadhifu usiomchoma mtu hufanya kinyume chake. Mwaka 2023 jijini Liverpool, Loreen wa Uswidi alipata 340 za majaji na 243 za watazamaji, huku Käärijä wa Ufini akipata 150 na 376; jumla ikampa Loreen ushindi kwa 583 dhidi ya 526, na mjadala ukaendelea kwa miezi. Mwaka 2025, JJ alikusanya 258 za majaji na 178 za watazamaji, wakati Yuval Raphael wa Israeli, aliyekuwa wa pili, alipata 60 na 297. Mwaka huohuo Zoë Më, mwimbaji wa nchi mwenyeji, Uswisi, alipewa 214 na majaji na sifuri na watazamaji. Sifuri hiyo haina maana kwamba hakuna aliyempigia kura; maana yake ni kwamba hakuingia kumi bora ya watazamaji katika nchi hata moja. Anayeshika nafasi ya kumi na moja kila mahali huondoka mikono mitupu.

Weka daftari lako kando ya jedwali kamili la matokeo, linalotolewa kwenye tovuti rasmi mara baada ya fainali, na ulinganishe safu ya tatu na pointi za majaji, kisha safu ya pili na pointi za watazamaji. Baada ya misimu miwili utajua sikio lako limeegemea upande gani, na utaweza kukadiria mapema ni wapi utakapotofautiana na matokeo. Washiriki watatu uliowachagua waendelee kubaki kwenye orodha yako ya kusikiliza hata kama waliishia nusu fainali, kwa kuwa albamu na ziara zao huja baada ya Mei, na wimbo wa dakika tatu ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa moja mara nyingi si kazi bora ya mtu.